Mawifi Wapima Nyota

Bi Kivuli hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Wifi yake hakuletwa na upepo. Ni yeye mwenyewe aliyemwona kwenye mkutano wa wanafunzi wa sayansi, akazipenda akili zake, akamwalika nyumbani kwa mama yake kula chakula cha mchana. Hapo mezani mdogo wake wa kiume, kijana ambaye akiona mwanamke alikuwa anajifanya anatafuta kitu chini ya kiti, akapata jiko. Harusi ilipopita, nafasi ya kazi ikatangazwa idarani, na ni Bi Kivuli huyo huyo aliyempigia wifi simu kumhimiza aombe. Kuna watu hujitafutia balaa kwa uvivu. Yeye alijitafutia kwa kuhangaika.

Jina la Bi Kivuli alipewa na wenzake wa idara ya nyota. Kazi yake ilikuwa kupima nyota pacha, zile zinazozungukana kwa namna ambayo moja hupita mbele ya nyingine na kuuziba mwanga wake, kisha ile ya pili nayo hulipiza. Kwa mbali huku tuliko huoni nyota mbili. Unaona nukta moja inayofifia na kurudi, inafifia na kurudi, kwa ratiba isiyokosea. Ukijua imefifia kiasi gani na kwa muda gani, na ukijua kila nyota inakimbia kwa kasi gani, unaweza kukokotoa upana wake na uzito wake huku umekaa kitini na chai yako pembeni. Kwa zile nyota nzito kabisa, mizani ya kuaminika kuliko hiyo hakuna. Bi Kivuli aliusoma mfifio wa nyota kama mama anavyousoma uso wa mtoto aliyevunja kikombe, na kwa miaka mingi hapakuwa na wa kumfikia.

Halafu akaja wifi.

Wifi hakuwa na kosa lolote, na hilo nalo lilikuwa kosa. Mashine ya kuchapisha iliyomkorofisha kila mtu ilimtii yeye. Programu alizoandika zilikuwa safi hata mgeni angezisoma. Profesa, mkuu wa idara, mzee ambaye sifa alizitoa kwa kijiko cha chai, siku moja alisimama mlangoni akasema mbele ya wote kwamba hajawahi kuona mtu anapima kasi ya nyota kwa uangalifu namna ile. Bi Kivuli alipiga makofi pamoja na wengine. Alipiga kwa nguvu, mpaka viganja vikawasha, maana aliyevimba ndani lazima ajikaze nje.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na moto zaidi. Miaka yote hiyo Bi Kivuli alikuwa amejaribu kumweleza mama yake anachofanya, na mama alikuwa akimsikiliza kwa jicho moja, jingine likiwa jikoni, kisha akauliza kama hizo nyota zinaliwa. Wifi alipokuja alichukua sahani mbili na taa ya mezani, akazimulika, akaipitisha moja mbele ya nyingine, akasema, "Tazama hapa, mama, mwanga unapungua." Mama akashika mdomo kwa mshangao. Tangu siku hiyo akawa anawaelezea majirani habari za nyota pacha kana kwamba amezizaa, na kila alipomaliza aliongeza kwamba ni mkwe wake aliyemfumbua macho. Wifi alikuwa akiitwa "mwanangu" katika nyumba ile. Bi Kivuli alikuwa akiitwa "wewe".

Basi ndipo Profesa akawapa mawifi hawa nyota moja waipime.

Ilikuwa nyota pacha iliyokuwa ikitajwa sana na wapimaji wa nchi nyingi, nzito kiasi cha kutia mashaka, na Bi Kivuli alikuwa na historia nayo. Alipokuwa bado mwanafunzi, akipekua picha za darubini zilizokuwa zimesahaulika, aligundua kwamba nyuma ya wale pacha kulikuwa na nyota ya tatu, iliyojibanza karibu mno hata wakubwa wote walikuwa wameipita bila kuiona. Idara nzima iliiita nyota hiyo Jirani. Jirani alikuwa muhimu, kwa sababu alikuwa akivujisha mwanga wake kwenye hesabu. Ni sawa na kutaka kujua chumba kina giza kiasi gani huku mtu ameacha mlango wazi. Usipoutoa mwanga wa Jirani, pacha wataonekana wanafifia kidogo kuliko ukweli. Utadhani njia yao imeinama zaidi kuliko ilivyo, na uzito utakaokokotoa utakuja mkubwa kupita kiasi. Jirani ndiye aliyempatia Bi Kivuli shahada, kazi na heshima. Kitu kingine ambacho watu walimkumbukia hakikuwapo, na yeye alilijua hilo.

Idara ile ilikuwa na desturi yake. Nyota kubwa hupimwa na watu wawili, kila mmoja kwenye chumba chake, kwa data zile zile, na ni mwiko kuonyeshana. Kila mmoja humpelekea Profesa jibu lililofungwa kwa neno la siri, na siku ya kufungua, majibu yote mawili hurushwa ukutani kwa projekta mbele ya watu. Sheria ya majina nayo ilijulikana. Wakikubaliana, mkubwa kazini anatangulia. Wasipokubaliana, hesabu zinakaguliwa, na aliye sahihi anatangulia hata kama ameajiriwa jana. Mwenye jina la kwanza kwenye makala ndiye atakayesimama kwenye mkutano mkuu wa wapimaji wa nyota nzito, na ndiye ambaye ulimwengu utamkumbuka. Hilo jina la kwanza Bi Kivuli alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na mume, ambaye alikuwa ameacha kumtafuta bila majuto mengi.

Alifanya kazi kama mwenye deni la roho. Alipima mfifio mmoja mmoja, akautoa mwanga wa Jirani kwa uangalifu, akazirudia hesabu kwa njia tofauti, na kila mara jibu lilikuja pale pale: nyota kubwa kati ya wale pacha ina uzito wa Jua letu mara ishirini na nane na ushei. Alifurahi. Alijua kwamba wifi akipata jibu hilo hilo, basi yeye ndiye mkubwa kazini, na mchezo umekwisha.

Jumapili wakakutana kwa mama. Wifi alikuwa ameketi na kompyuta yake kwenye meza ya chakula, mwanawe mchanga akalia chumbani, wifi akaondoka mbio kwenda kumwogesha. Mama akatokea na sufuria mikononi.

"Wewe, hebu ondoa hicho kidude cha mwanangu, niweke chakula," akasema.

Bi Kivuli akainua kompyuta, na kioo kilichokuwa kimelala kikaamka. Mpaka hapo hakuwa na hatia. Angeifunga, akaiweka kabatini, akaenda kuleta vijiko. Lakini jicho la mwenye wivu halihitaji kutumwa. Aliona mchoro wa wale pacha anaowapima mwenyewe, na chini yake aliona uzito: thelathini na moja nukta nne. Akasoma tena, polepole. Ndipo akaifunga.

Chakula kile alikila kama anatafuna karatasi. Wifi alimwekea nyama nzuri, akamuuliza kama hajisikii vizuri, na Bi Kivuli akasema ni kichwa tu. Mama akadakia kwamba mtu asiyekuwa na mtoto wa kumsumbua hana haki ya kuumwa kichwa. Mdogo wake akacheka. Wifi hakucheka. Alisema, "Mama, wifi anafanya kazi kuliko sisi wote," na Bi Kivuli akatamani angecheka tu kama wengine, maana kutetewa na mtu unayemhusudu ni kama kuvishwa nguo yake ya zamani.

Kesho yake asubuhi alijifungia ofisini. Thelathini na moja ilitoka wapi? Alichezesha kila kitu alichoweza kukichezesha kwenye hesabu, na kitu kimoja tu kilimfikisha pale: kutomhesabu Jirani kabisa, kuuandikia mwanga wake sifuri, kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Mtu mwenye moyo uliotulia angesema, ahaa, wifi bado hajamaliza. Au angesema wifi amesahau, na angenyamaza kwa raha zake akisubiri siku ya kufungua. Bi Kivuli hakuweza kufikiri hivyo. Wifi hasahau, alijiambia. Wifi hajawahi kusahau hata siku ya kuzaliwa ya mlinzi. Kama wifi amemfuta Jirani, basi ana sababu, na sababu hiyo inaweza kuwa moja tu: amegundua kwamba Jirani hayupo. Kwamba ile nyota iliyojibanza, iliyompa Bi Kivuli kila alichonacho, ilikuwa doa la kioo cha darubini ya zamani, na mwanafunzi mmoja mwenye kiherehere akalibatiza nyota. Na wifi atasema hayo siku ya kufungua, mbele ya Profesa, kwa ile sauti yake ya upole, na atamalizia kwa kuomba radhi. Ile picha ya wifi akimwomba radhi ilimchemsha damu hata akasimama.

Wazo lilipomjia alilikataa. Likarudi, akalikataa kwa sauti ndogo zaidi. Mwishowe akalikaribisha na kulipa kiti. Kama Jirani hayupo, kwa nini asiwe yeye wa kwanza kusema? Akileta thelathini na moja, watakuwa wamekubaliana, na mkubwa anatangulia. Akikiri mwenyewe kwamba Jirani alikuwa kosa la ujana wake, watasema ana moyo mkubwa. Wifi atabaki mdomo wazi, hana la kufichua. Bi Kivuli akafungua hesabu zake, akaandika sifuri mahali pa Jirani. Asije akaonekana amenakili, akalegeza kitu hapa na pale mpaka jibu likawa thelathini na moja nukta tatu, akalifunga, akampelekea Profesa. Ile ishirini na nane akaifuta, na hakulala vizuri wiki ile, ingawa alijidai ni joto.

Siku ya kufungua ukumbi mdogo wa idara ulijaa. Fundi wa kompyuta alikuwepo, wanafunzi walikuwepo, hata mhasibu alikuja, kwa sababu chai ya siku ya kufungua ilikuwa na vitafunio. Profesa akaanza na mkubwa kazini, kama ilivyo ada, na jibu la Bi Kivuli likatokea ukutani. Watu wakanong'ona. Thelathini na moja ni uzito wa kutikisa vichwa.

Bi Kivuli akasimama na maneno yake aliyoyapanga vizuri. Alieleza kwamba amezipitia upya picha zile za zamani, na kwa masikitiko amefikia uamuzi kwamba Jirani hakuwa nyota, bali mwanga uliopotea ndani ya kioo. Alisema mwanasayansi lazima awe tayari kukana hata kilichompa jina. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Profesa alikuwa amevua miwani. Bi Kivuli akakaa, na kwa muda mfupi alihisi utamu ambao hakuwa ameuonja tangu wifi aingie mjini.

Akamtupia wifi jicho ili aone atakavyokunja uso. Wifi alikuwa anamtazama kama mtu aliyesikia msiba.

"Sasa la pili," akasema Profesa, na jibu la wifi likatokea.

Ishirini na nane nukta mbili. Na kando ya pacha, kwa rangi yake, alikuwepo Jirani. Wifi alikuwa amempata tena kwa njia ambayo Bi Kivuli hakuwa na ujuzi nayo, ndani ya rangi za mwanga zilizopasuliwa na kioo, ambamo kila nyota huacha mistari yake. Mistari ya pacha ilikuwa inayumba huku na huku kadiri wanavyozungukana, na katikati yao kulikuwa na mistari iliyotulia tuli, ya nyota ya tatu isiyo na shaka yoyote. Chini wifi alikuwa ameandika kwamba nyota hiyo ni ile iliyogunduliwa zamani na wifi yake, na kwamba kipimo kipya kinathibitisha kile cha kwanza karibu bila tofauti.

Hakuna aliyepiga makofi. Profesa alivaa tena miwani, akatazama ukuta, akamtazama Bi Kivuli, akauliza kwa utaratibu kabisa ni nini hasa kilichomfanya aamini kwamba Jirani hayupo. Bi Kivuli akaanza kugeuza karatasi zake moja baada ya nyingine.

Wifi akajibu kwa niaba yake. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kama angekuwa nayo mambo yangekuwa mepesi.

"Profesa, hata mimi nilipita kwenye thelathini na moja," akasema. "Nilianza bila Jirani, nione programu inavyopumua, halafu ndiyo nikamrudisha. Ni wifi mwenyewe aliyenifundisha kuanza hivyo. Ukibaki pale muda mrefu, namba inakunasa, inaweza kumtokea yeyote." Kisha akamgeukia Bi Kivuli, sauti imeshuka. "Nikusaidie kuirudia, wifi? Mchana huu huu tukae wote, itakuwa imeisha."

Ukumbi ukapumua. Njia ilikuwa imefunguliwa, pana, imefagiliwa. Bi Kivuli alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa, kusema amechoka, macho yamemdanganya, na kila mtu angemsamehe kufikia saa ya chai. Profesa mwenyewe alikuwa tayari ameanza kutabasamu. Kosa la mkubwa aliyechoka ni kosa dogo.

Lakini "nikusaidie" ndiyo iliyomshinda. Alimwona mama akiisikia habari hii Jumapili ijayo, jinsi mkwe wake alivyomwokoa yule mwingine. Alijiona akikaa kwenye kiti cha mwanafunzi pembeni ya wifi, akionyeshwa nyota yake mwenyewe. Usidhani ni dhamiri iliyomnyanyua. Dhamiri ilikuwa na wiki nzima ya kufanya kazi hiyo na ilikuwa imelala. Alisimama kwa sababu aliona heri aitwe mwizi kuliko asaidiwe na wifi.

"Macho yangu hayana kasoro," akasema. "Niliiona namba yako nyumbani kwa mama, kwenye kompyuta yako. Nikadhani umemfuta Jirani. Nikamfuta na mimi, ili tukubaliane, nitangulie."

Aliyekuwa amewahi vitafunio aliacha kutafuna. Profesa alichukua muda mrefu kufunga mitambo, akibonyeza vitu ambavyo havikuhitaji kubonyezwa. Kisha akasema jina la kwanza ni la wifi, na kwamba jina la Bi Kivuli, kama litakuwepo, watalizungumza faragha, na akawaambia watu waende wakanywe chai. Walitoka bila kumtazama, wakipita kandokando ya ukuta kana kwamba sakafu imemwagikiwa na maji.

Bi Kivuli alitoka wa mwisho. Wifi alikuwa anamsubiri kwenye korido, karibu na ubao wa matangazo, mikono imekunjwa kifuani. Macho yalikuwa mekundu. Alimwacha amfikie, na hakuuliza kwa nini, wala hakumwambia amemvunja moyo, ingawa haki ya kusema yote mawili alikuwa nayo.

"Kabla hujaiona yangu," akauliza, "wewe ulikuwa umepata ngapi?"

Bi Kivuli alitazama chini. Alikuwa ameifuta kwenye kompyuta, lakini kichwani haikufutika.

"Ishirini na nane nukta moja."

Wifi aliipima kichwani ile tofauti ndogo isiyo na maana yoyote.

"Basi tulikuwa tumekubaliana, wifi," akasema. "Ungetangulia wewe."

Bi Kivuli akainua macho, akautafuta uso ule wote, pembe za mdomo, nyusi, kila mahali ambapo kebehi hujificha. Angeiona hata kidogo tu, angekuwa na kitu cha kuchukia. Hakuiona.